Shauri la Maadili na Chama Kilichosahau Kazi Yake: Kisa cha Romance Writers of America

Tarehe 23 Desemba 2019, siku mbili kabla ya Krismasi, nyaraka za shauri la ndani la Romance Writers of America, chama kikuu cha waandishi wa riwaya za mapenzi nchini Marekani ambacho wanachama wake hukiita RWA, zilisambaa hadharani. Zilionyesha kwamba bodi ilikuwa imempa karipio mwandishi Courtney Milan, imemsimamisha uanachama kwa mwaka mmoja, na kumpiga marufuku maisha kushika nafasi yoyote ya uongozi wa kitaifa. Kosa lake lilikuwa maneno. Agosti ya mwaka huohuo aliandika kwenye mtandao wa Twitter, kwa ukali usiofichika, kwamba riwaya moja iliyochapishwa mwaka 1999 iliwachora wanawake wa Kichina kwa dhana za kibaguzi. Milan mwenyewe ana asili ya Kichina, ni mwanasheria aliyewahi kufundisha sheria chuoni, aliwahi kuwa mjumbe wa bodi hiyohiyo, na hadi malalamiko dhidi yake yalipofika alikuwa mwenyekiti wa Kamati ya Maadili ya chama.

Kilichofuata kilikwenda kasi ambayo si kawaida ya vyama vya namna hii. Kesho yake bodi ilitengua uamuzi huo ikisema inasubiri ushauri wa kisheria. Siku mbili baadaye rais wa chama na wajumbe kadhaa wa bodi walijiuzulu. Tarehe 6 Januari 2020 tuzo kuu ya chama ilifutwa kwa mwaka huo kwa sababu waandishi walikuwa wakiondoa vitabu vyao na waamuzi wakijitoa. Tarehe 9 Januari rais mpya, aliyekuwa amekalia kiti kwa takriban wiki mbili, aliachia ngazi, na kuondoka kwa mkurugenzi mtendaji kukatangazwa. Wachapishaji wakubwa waliokuwa wakidhamini mkutano wa kila mwaka walijiondoa mmoja baada ya mwingine. Mei 2024 chama kilikwenda mahakamani Texas kuomba kinga dhidi ya wadai wake. Kwa maelezo yake chenyewe, wanachama walikuwa wameshuka kutoka takriban 10,000 hadi takriban 2,000 katika muda wa miaka mitano.

Kisa hiki kimeelezwa mara nyingi kama ugomvi wa mitandao uliovuka mipaka, au kama pambano la ubaguzi wa rangi peke yake. Maelezo yote mawili yana ukweli, lakini yote mawili yanaliacha nje jambo ambalo mtu yeyote aliyewahi kukaa kwenye kikao cha chama cha wafanyabiashara, cha wasanii au cha wakulima atalitambua mara moja: chama kilikuwa na swali zito la kazi na kipato mezani kwake, kikaliepuka kwa kuligeuza kuwa swali la utaratibu na nidhamu, na utaratibu wenyewe ukashindwa kubeba uzito huo.

Kwanza tukumbuke chama hiki kiliundwa kwa ajili gani. Kilianzishwa Houston mwaka 1980 na kundi dogo la waandishi pamoja na mhariri Vivian Stephens, mwanamke Mmarekani Mweusi ambaye wakati huo alikuwa akibadilisha sura ya riwaya za mapenzi za Marekani kwa kutafuta waandishi wa nchini humo, wakati soko lilikuwa limezoea hadithi kutoka Uingereza. Ndiye pia aliyehariri riwaya iliyotoka mwaka huohuo wa 1980 ambayo hutajwa kuwa miongoni mwa za kwanza za aina hiyo kuandikwa na mwandishi Mweusi kuhusu wapenzi Weusi. Waanzilishi walitaka kitu kimoja kinachoeleweka: waandishi, wengi wao wanawake wanaofanya kazi peke yao majumbani na wanaodharauliwa na ulimwengu wa fasihi, wajue mikataba inasema nini, wajue nani analipa kiasi gani, na wawe na mtu wa kusimama nao mbele ya mchapishaji. Kisheria hakikuwa klabu ya wapenda vitabu. Kilisajiliwa kama chama cha kibiashara, na shabaha ya chama cha kibiashara ni maslahi ya kitaaluma ya wanachama wake.

Na maslahi hayo yalikuwa na mengi ya kushughulikia. Tazama suala la mirabaha ya vitabu vya kielektroniki. Mwaka 2012 waandishi kadhaa waliifungulia Harlequin, kampuni kubwa kuliko zote katika biashara hii, kesi ya pamoja mjini New York. Madai yao yalihusu hesabu: mikataba iliwapa nusu ya mapato halisi ya haki hizo, lakini kampuni iliziuzia haki hizo kampuni tanzu zake yenyewe kwa bei ndogo, kisha ikakokotoa nusu ya mwandishi kutoka kwenye bei hiyo ndogo badala ya fedha iliyopatikana kweli sokoni. Kesi hiyo ilimalizika kwa maelewano mwaka 2016, na Harlequin ikakubali kulipa dola milioni 4.1. Au tazama Kindle Unlimited, huduma ya kusoma vitabu vya kielektroniki kwa ada ya mwezi ambayo Amazon iliianzisha Julai 2014, na ambayo tangu Julai 2015 humlipa mwandishi kwa kila ukurasa uliosomwa. Malipo yamekuwa karibu nusu ya senti ya dola kwa ukurasa, mfuko wa fedha za kila mwezi hupangwa na Amazon peke yake, na mwandishi anayekiweka kitabu chake humo hawezi kuliuza toleo lake la kielektroniki mahali pengine. Sehemu kubwa ya waandishi wa mapenzi wanaojichapishia wenyewe huishi kwa mfuko huo. Hakuna mkataba unaojadiliwa, hakuna meza ya mazungumzo. Kuna tangazo la mwisho wa mwezi.

Chama kilipofanya kazi yake, kiliifanya vizuri, na ni haki kulisema hili. Mwaka 2009 Harlequin ilipoanzisha kitengo cha kuwatoza waandishi fedha ili wachapishwe, na kukipa jina lake ili waone wako karibu na mlango mkubwa, RWA iliinyima Harlequin nafasi zake za kawaida katika mkutano mkuu, na kampuni ikaondoa jina lake kwenye kitengo hicho upesi. Mwaka 2018 mwandishi mmoja alisajili neno la Kiingereza «cocky», neno la kawaida kabisa la kumwelezea mtu mwenye majivuno, kuwa alama yake ya biashara, akaanza kuwaandikia waandishi wenzake wabadilishe majina ya vitabu vyao. RWA ilishirikiana na Authors Guild, chama cha waandishi wa Marekani wa aina zote, kuwatetea waliotishwa, na tarehe 1 Juni 2018 jaji wa mahakama ya shirikisho mjini New York alikataa ombi la kuzuia vitabu hivyo. Mwandishi mpya ambaye kitabu chake kimeondolewa dukani siku ya tatu tangu kitoke hana uwezo wa kumlipa wakili wa New York. Chama kinao. Hapo ndipo ada ya uanachama hupata maana.

Lakini tangu mwanzo palikuwa na kazi nyingine ambayo haikumalizwa: nani anaingia sokoni na kwa mlango gani. Kwa miongo mingi waandishi Weusi wa riwaya za mapenzi nchini Marekani waliwekewa mifululizo yao maalumu ya uchapishaji, na vitabu vyao vikapangwa kwenye rafu tofauti katika maduka makubwa ya vitabu, mbali na mahali ambapo msomaji wa riwaya za mapenzi alikwenda kununua. Rafu si mapambo. Kitabu kisichokaa kwenye rafu inayotafutwa na mnunuzi hakiuzwi. Kisipouzwa, mkataba unaofuata huwa mdogo zaidi, na mhariri husema kwamba «soko halipo». Harlequin ilipofunga mfululizo wake wa Kimani, uliochapisha waandishi Weusi, mwishoni mwa 2018, walikuwepo wanawake waliopoteza sehemu kubwa ya kazi yao ya mwaka kwa uamuzi mmoja. Hata katika tuzo ya chama, iliyoitwa RITA kwa heshima ya rais wake wa kwanza, hali ilikuwa ileile: mwaka 2018 bodi yenyewe ilikiri kwamba vitabu vya waandishi Weusi vilikuwa chini ya nusu ya asilimia moja ya vyote vilivyowahi kufika fainali, na kwamba hakuna mwandishi Mweusi aliyewahi kushinda. Washindi wa kwanza, Kennedy Ryan na M. Malone, walipatikana mwaka 2019, katika majira yaleyale ya kiangazi ambamo shauri letu lilianza.

Ninasisitiza jambo hili kwa sababu linabadilisha namna ya kusoma shauri lenyewe. Mjadala wa Agosti 2019 haukuanza na riwaya ya mwaka 1999. Ulianza na mhariri wa kampuni moja ndogo ambaye, kabla ya hapo, alikuwa mnunuzi wa riwaya za mapenzi katika msururu mkubwa wa maduka ya vitabu, yaani mmoja wa watu waliokuwa na mamlaka ya kuamua kitabu gani kifike kwenye rafu ya nchi nzima. Wanachama waliona machapisho ya kisiasa ambayo mtu huyo alikuwa ameyaunga mkono kwenye mtandao, wakauliza swali ambalo kwao lilikuwa la riziki: kama mlinda mlango alikuwa na mtazamo huo, je, vitabu vyetu vilikosa rafu kwa sababu ya mauzo au kwa sababu ya sura zetu? Milan alijiunga na swali hilo, akaendelea hadi kwenye kazi za watu waliohusiana na kampuni ile, na hapo ndipo alipotoa kauli kali juu ya riwaya. Waandishi wawili, mwenye kampuni na mwandishi wa riwaya ile, wakaandika malalamiko rasmi kwa chama.

Sasa tulitazame shauri lenyewe kwa karibu, kwa kuwa ndipo penye mafunzo. Malalamiko yalipofika makao makuu, Milan aliombwa aachie uenyekiti wa Kamati ya Maadili, jambo ambalo lilikuwa sahihi. Mtu hawezi kuwa mwenyekiti wa kamati inayomsikiliza. Lakini badala ya malalamiko kupelekwa kwa wajumbe wengine wa kamati hiyo, liliundwa jopo jingine tofauti, na wajumbe wa kamati iliyokuwepo hawakujulishwa hata kwamba lipo. Sababu iliyotolewa ilikuwa usiri na kuepuka upendeleo, kwa kuwa wajumbe wa kamati walifanya kazi na Milan. Jopo lile likayatupa madai mengi na kubakiza moja: kwamba Milan alikiuka lengo la chama la kujenga mazingira salama na ya heshima kwa waandishi. Bodi ikapokea pendekezo hilo, ikapiga kura, ikaandika barua.

Ukipita hatua moja moja, kila moja inaonekana kuwa na hoja. Usiri katika mashauri ya maadili ni jambo jema. Jopo lisilo na marafiki wa mtuhumiwa ni jambo jema. Heshima kati ya wanachama ni jambo jema. Ila hakuna aliyesimama mwanzoni kabisa na kuuliza kama chama cha waandishi kina mamlaka ya kumwadhibu mwanachama kwa sababu ameikosoa riwaya. Swali hilo lilipaswa kuulizwa siku bahasha ilipofunguliwa, kabla ya jopo, kabla ya usiri, kabla ya kura. Kukosoa kitabu, hata kwa lugha ya ukali, ni sehemu ya kazi ya mwandishi, na aliyekosolewa ana kalamu kama mwenziwe. Malalamiko yangerudishwa kwa barua fupi yenye adabu, na jambo lingeishia hapo. Badala yake vilitumika miezi minne, watumishi, jopo, bodi na mawakili.

Dai lililolipa shauri uzito lilikuwa kwamba kauli za Milan zilimfanya mwandishi wa riwaya ile apoteze mkataba wa vitabu vitatu. Hili ni dai la kibiashara, na lingekuwa kweli lingestahili kusikilizwa kwa makini. Lakini baada ya shauri kulipuka, mwandishi huyo alieleza kwenye vyombo vya habari kwamba hakuwa na mkataba ulioandikwa uliovunjwa, bali mazungumzo na mchapishaji yaliahirishwa, na kwamba alihisi ametumiwa na chama kufikia adhabu ambayo hakuikusudia. Yaani ule ukweli mmoja uliohitaji kuthibitishwa kwa karatasi haukuthibitishwa, wakati taratibu za usiri zililindwa kwa bidii kubwa. Kwangu mimi huu ndio ushahidi mzito kuliko wote katika kisa hiki.

Ingekuwa rahisi kusema kwamba utaratibu ni adui wa mambo ya msingi, na wapo waliosema hivyo. Sikubaliani nao. Waliomtetea Milan nao walisimama juu ya utaratibu: walidai kamati halali isikilize shauri, walidai mtuhumiwa aujue ushahidi wote, walianzisha ombi la kumwondoa rais mpya kwa njia ya katiba, na walihoji kama alikuwa na idadi ya vitabu ambayo kanuni zilitaka kwa mtu anayeshika kiti hicho. Bila kanuni wasingekuwa na mahali pa kushika. Tofauti ni kwamba kuna utaratibu unaomlinda mwanachama asiye na nguvu, na kuna utaratibu unaoilinda ofisi isilazimike kutoa jibu. Wa kwanza hufupisha njia ya kufika kwenye jambo lenyewe. Wa pili huirefusha. Katika vikao vyetu sote tunawajua wanaosimama na kusema «mwenyekiti, utaratibu» pale ambapo hesabu za fedha zimeanza kuulizwa, na si kila mara wanakuwa wanatetea katiba.

Wakati huohuo kazi ya kweli ilisubiri. Mwaka huohuo wa 2019 waandishi wa nyumba moja ya uchapishaji ya Florida, iliyojulikana kwa riwaya za mapenzi ya jinsia moja, walikuwa wakilalamika kucheleweshewa mirabaha yao. Nao walikuwa wanachama, au watu wa kundi ambalo chama kilikuwa kimetumia miaka kadhaa kulikaribisha baada ya mwaka 2005 kulikera kwa kuwauliza wanachama wake kama mapenzi yaelezwe kuwa ni ya mwanamume mmoja na mwanamke mmoja. Kudai mirabaha iliyochelewa ni kazi ya barua, simu, hesabu na shinikizo la pamoja. Hakuna chama chenye watumishi wachache kinachoweza kuibeba kazi hiyo sawasawa huku viongozi wake wakiendesha shauri la siri dhidi ya mwenzao.

Februari 2020 kampuni ya mawakili iliyoajiriwa na chama ilitoa ripoti ndefu juu ya namna shauri lilivyoendeshwa, na mwezi huohuo wajumbe wa bodi waliobaki walitangaza kuondoka ili uchaguzi mpya ufanyike. Hapa chama kilifanya tena kile kilichokizoea. Kilikabidhi jeraha la kuaminiana kwa mtu wa kupima kama vifungu vilifuatwa. Mwanachama Mweusi aliyekuwa akiuliza kwa nini kitabu chake hakifiki rafuni hakuwa akiuliza kuhusu vifungu.

Bodi mpya ilijitahidi kwa dhati. RITA ikastaafishwa, ikaletwa tuzo mpya iliyoitwa Vivian kwa heshima ya Vivian Stephens, yenye vigezo vya alama vilivyoandikwa na waamuzi waliopewa mafunzo. Mwaka 2021, katika mara yake ya kwanza kutolewa, mojawapo ya tuzo hizo ilikwenda kwa riwaya inayoanza na mauaji ya watu wa Lakota, wenyeji wa asili wa Marekani, huko Wounded Knee ya mwaka 1890, ambayo shujaa wake alishiriki akiwa askari. Wanachama walipinga, na katika siku chache bodi ikaitengua tuzo. Fomu ilikuwa mpya, vigezo vilikuwa vipya, na kitabu kilipita katika kila chujio. Waliojaza fomu walipima muundo, lugha na mwisho wenye matumaini, mambo ambayo aina hii ya riwaya inayadai, na swali la watu gani wanahesabiwa kuwa binadamu kamili ndani ya hadithi likakosa kisanduku cha kujazwa. Sidhani kisanduku kingesaidia. Swali la namna hiyo hujibiwa na watu waliokwisha kulizungumza kwa uwazi, na chama hiki kilikuwa kimeadhibu mtu kwa kulizungumza.

Maombi yaliyofikishwa mahakamani Mei 2024 yalieleza kwamba chama kilidaiwa karibu dola milioni 3 na hoteli ambazo kilipanga kufanyia mikutano yake, na yakataja migogoro ya miaka iliyopita kuhusu usawa na ujumuishi kuwa chanzo cha kuondoka kwa wanachama. Deni hilo linaeleweka kirahisi: mkutano mkubwa hukodishiwa hoteli miaka kadhaa kabla, kwa ahadi ya idadi ya vyumba, na chama kilitia saini kikiwa na wanachama wengi, kisha kikaletewa hesabu kikiwa na wachache, huku janga la korona likiwa limepita katikati. Maelezo ya chanzo, hata hivyo, yameandikwa kwa namna isiyo ya haki. Wanachama hawakuondoka kwa sababu watu walidai usawa. Wengi waliondoka walipoona kwamba dai lao juu ya rafu, mikataba na tuzo liligeuzwa kuwa kosa la nidhamu la aliyelisema kwa sauti, na wengine waliondoka kwa kuchoka na ugomvi ambao haukuwaongezea senti moja kwenye mrabaha.

Waandishi wenyewe wangali wanaandika, na riwaya za mapenzi zinauzwa kwa wingi kuliko wakati shauri lile lilipoanza. Baadhi yao wamejiunga na Authors Guild, ambayo ina mawakili wa kusoma mikataba lakini haikuundwa kwa ajili ya soko hili hasa. Baadhi ya matawi ya zamani yaliendelea kukutana kama vyama huru vya miji yao. Malipo ya ukurasa wa Kindle Unlimited bado hupangwa na Amazon kila mwezi, na hakuna chombo cha waandishi wa mapenzi chenye wanachama 10,000 kinachokaa upande wa pili wa meza.